Jipu Nililolitumbua Mwenyewe

Mwaka 2023, nikiwa na miaka sitini na nane, paja langu la kushoto lilivimba. Shule niliishia darasa la tatu, lakini ng'ombe nawajua. Nimewanunua na kuwauza mnadani Magu miaka arobaini, na majipu yao nimeyatumbua kwa mkono huu. Basi na langu nikalitumbua. Nilichemsha kisu, nikang'ata kitambaa, nikapasua.

Usaha ukatoka, harufu yake ya choo kabisa. Mke wangu, aliyeshika beseni, akageuza uso.

"Mzee, jipu gani linanuka mavi?"

"Shika beseni, wewe."

"Nimeshika. Na ile damu ya chooni unayonificha mwaka mzima, nayo jipu?"

Mimi nilikuwa naiita bawasiri.

Siku ya tatu homa ilinizidi, akanipeleka hospitali Mwanza mjini. Daktari wa upasuaji alikuwa binti, umri wa kitindamimba wangu.

"Shikamoo, babu. Nani kakukata hapa?"

"Marahaba. Mimi."

"Basi leo tuko wapasuaji wawili."

Hakunificha. Utumbo mpana ulikuwa na saratani, imekua mpaka imeutoboa, uchafu ukashuka kwa ndani hadi pajani. Alisema ni nadra, yeye kaiona mara moja tu. Nikajivunia kidogo, mjinga mimi. Kukamua paja hakutoshi, akasema; lazima haja itokee kwenye tundu la tumboni, iingie kwenye mfuko wa kuvaa, la sivyo usaha utaniua kabla ya saratani.

"Nipasue utakavyo, lakini mfuko hapana. Mnadani nitasimamaje na mavi kiunoni?"

Mke wangu akadakia: "Mnadani kote ni mavi. Nani atajua yako ni yapi?"

Daktari alicheka mpaka akashika kitanda. Nikaweka dole gumba kwenye fomu ya kukubali kupasuliwa.

Paja walilifungua na kuliosha mara tatu. Likapona. Saratani haikupona, ilikuwa imeshafika kwenye ini. Naishi nayo, kwa dawa za dripu. Kinachoniuma ni kimoja: ng'ombe wangu akiharisha damu, bwana mifugo nilikuwa namwita siku ileile.

Leo nina nyumba ya bati Kisesa, ng'ombe kumi na tisa, baiskeli, kovu la shibiri nzima pajani, mfuko mmoja tumboni na sita kabatini, na mke anayejua kuubadilisha kuliko mimi.