Kinu Kilichofutwa kwa Pumba

Binti yangu wa kwanza alikataliwa karanga na mwili wake mwenyewe. Alizionja kwenye kisamvu kabla hajatimiza miaka miwili. Midomo ikamvimba, vipele vikamtapakaa, kifua kikaanza kukoroma. Alipona yeye, mimi sikupona ile hofu. Ilikuwa miaka ile Wazungu walipokuwa wakilima karanga kwa matrekta kule Nachingwea, na kwetu Newala hakuna mboga iliyopikwa bila karanga, maana mafuta ya dukani yalikuwa ya wenye nazo.

Mama mkwe alisema ni mwiko, na mwiko hauulizwi sababu. Nilimshukuru. Mimi mwanamke wa kuja kutoka Lupaso watu wangebishana nami, lakini na mwiko hawakubishana. Nyumbani tuliacha karanga kabisa. Nikienda kwa watu natoa shikamoo, kisha nafunua chungu: humu mmetia karanga? Upawa huu umetoka chungu gani? Wenzangu walinicheka. "Fichueni masufuria, Bwana Afya wa Serikali kafika!" Nacheka nao, na bado nanusa. Sikuona haya kuulizia uhai wa mwanangu.

Sasa, asiyekulia kule Newala, juu ya uwanda, hajui habari ya maji. Tulishuka bondeni alfajiri, tukapanda jua likiwa utosini, mtungi mmoja kichwani. Kwa hiyo kinu hakioshwi. Unatia konzi ya pumba, unatwanga kidogo, unafuta, pumba unawatupia kuku. Mama mkwe alinifundisha hivyo wiki ya kwanza ya ndoa, nikaona ni usafi wa kutosha.

Siku moja kinu cha jirani yangu kilipasuka, akaja kuazima changu. Kumnyima jirani kinu ni kumtukana, nikampa. Kesho yake akakirudisha. "Kinu chako hiki, mama. Nimekifuta vizuri." Kweli kilikuwa safi. Mimi niliyepekua vyungu vya mtaa mzima sikumuuliza alitwanga nini. Nilichungulia mtungi wangu, maji yalikuwa nusu, nikayaonea uchungu kuyaoshea kinu. Nikatia makopa ya muhogo, nikatwanga unga wa ugali.

Binti yangu hakumaliza tonge la tatu. Alishika shingo, akanitazama kana kwamba nitajua la kufanya. Baba yake na shemeji zangu wakamlaza kwenye machela kumpeleka hospitali ya misheni, upande wa Masasi, nami nakimbia nyuma huku nikimwita. Alikata roho kabla hatujamaliza mteremko. Alikuwa na miaka mitano.

Jirani alipoulizwa hakuficha: alitwanga karanga. Watu wakanifariji kwamba ajali haina kinga, na maneno hayo yalinichoma kuliko tusi. Hii ilikuwa na kinga, tena ndani ya nyumba yangu: kata mbili za maji. Jirani sikumlaumu, alifanya nililofanya mimi kila siku. Nilijichukia mimi, na nikisema leo nimeacha kujichukia nitakuwa mwongo.

Asubuhi wanawake wakaleta maji ya kumwoshea maiti, kila mmoja na mtungi wake. Uani kwangu hapajawahi kuwa na maji mengi vile. Jirani akautua wake mbele yangu akilia, hakuthubutu kuninyanyulia macho. Niliuchukua, nikaumimina wote ndani ya kinu, nikaanza kusugua kwa viganja. Mmoja akasema napoteza maji ya watu. Mama mkwe akamkatiza. "Mwacheni aoshe."

Nikaosha. Nilikuwa bado naosha walipokuja kuniambia kwamba mtoto amekwisha kuvishwa sanda, niende nimtazame.