Gari Lilisema Hatuna Trela

Trela lilikuwa nyuma yetu. Nalihisi kabisa likitusukuma mgongoni. Na dashibodi ya gari inaandika kwamba hatujaunganisha trela lolote.

Kama hujawahi kushuka mteremko wa White Bird na nyumba ya tani tatu na nusu mkiani, shukuru Mungu wako. Ni maili saba za kuteremka tu, na kona zake.

Usukani alishika baba yangu, Verl, miaka sabini na minane. Mimi na yeye tulikuwa tunakwenda Riggins kuvua samaki na kulala kwenye trela, kama kila mwaka.

Alikanyaga breki. Za gari zikashika. Za trela, kimya.

"Baba, imeandika trela halijaunganishwa."

"Najua kusoma, Lorna. Nyamaza."

Akarudisha gia chini, injini ikanguruma, tukashuka mdogo mdogo huku harufu ya breki kuungua ikijaa ndani. Baba kaendesha malori ya magogo kwenye milima hii hii miaka thelathini na minne. Hakutikisika hata kidole.

Nilitetemeka mimi kwa niaba yetu wote wawili. Tulipofika chini, kando ya mto, woga wote ukageuka hasira.

Yeye ndiye aliyetangulia kushuka na kuzunguka nyuma. Trela hili breki zake ni za umeme, na umeme huo unatoka kwenye gari kupitia plagi moja nene. Usipochomeka plagi, huna breki. Nilipomfikia, plagi ilikuwa imekaa mahali pake sawasawa.

"Nimeikuta hivi hivi," akasema.

"Umeichomeka sasa hivi."

Akaniangalia. "Unaniita mwongo?"

"Nasema ulisahau, na sasa unaona aibu."

Akanipa mgongo, akarudi garini. Hapo ndipo aliponichefua zaidi. Mtu nusura atuue, halafu ananinunia.

Kaka yangu Garrick anaishi Boise na hutatua matatizo ya familia kwa simu. Nikampigia.

"Mzee kaisha, dada. Kubali tu," akasema. "Chukua funguo kabla hajaua watoto wa watu."

Nikachukua funguo. Garrick akatangaza trela mtandaoni, mnunuzi akapatikana, akasema angekuja Jumamosi ya wiki ya tatu.

Halafu kuna ile fomu. Ndugu wa dereva anaweza kuiandikia idara ya leseni, kwamba jamani huyu mzee wetu mpimeni upya barabarani. Garrick aliijaza. Mimi nikaweka sahihi.

Baba alikaa wiki tatu bila kuzungumza nami. Mezani ilikuwa "nipe chumvi" na "asante", basi. Nami nikasema poa, nuna mpaka uchoke, angalau uko hai.

Alhamisi nikaamua kulipeleka trela Grangeville likaoshwe kabla mnunuzi hajaja. Nikachomeka plagi mwenyewe. Nikaivuta mara tatu kuhakikisha.

Maili kumi kutoka nyumbani, nikaruka kishimo kidogo. Dashibodi: trela halijaunganishwa.

Nikasimama pembeni, nikaenda nyuma. Plagi ipo. Narudi kwenye kiti, ujumbe umefutika, kana kwamba nimeota.

Ukanirudia mara nne kabla sijafika mjini.

Mjini nikalipitisha kwanza kwa fundi. Akalipima likiwa limeegeshwa, dakika kumi, mikono mfukoni.

"Liko freshi," akasema. "Pini za plagi chafu tu. Mwambie mumeo azisafishe, apake grisi."

"Sina mume. Nina bisibisi. Umelitikisa?"

"Nilitikise kwa nini?"

"Kwa sababu linasumbua likitembea, halisumbui likilala."

Akacheka, akanipa karatasi yake ya malipo. Nilitamani kumlisha hiyo karatasi. Hata hivyo pini nilizisugua mpaka zikang'aa, na njiani kurudi ujumbe ukatokea mara sita.

Ijumaa asubuhi nikaketi uani, nikabana mita ya umeme kwenye plagi ya trela. Kila gurudumu lina sumaku ya breki. Mita ikisoma, waya unafika kwenye sumaku. Isiposoma, umekatika mahali.

Ilisoma. Bila shaka ilisoma, limeegeshwa.

Baba akatoka ndani na kikombe cha kahawa. Akanipita kana kwamba mimi ni mti.

"Nimesahau miwani mle," akasema, akapanda kwenye trela.

Mita ikafa. Nikaigonga. Ikarudi.

Akashuka, akaenda hatua tano, akageuka. "Kofia." Akapanda tena. Mita ikafa tena, na mimi nikaanza kuitukana mita.

Akashuka. Akageuka mara ya tatu.

"Kikombe changu."

Nikalipuka.

"Unaona sasa? Hiki ndicho tunachokisema mimi na Garrick. Ndani ya dakika tano umesahau vitu vitatu. Halafu unataka nikuachie gari? Unataka nikae pembeni yako tena kule White Bird?"

Alikuwa amesimama kwenye ngazi, mkono umeshika kishikio cha mlangoni.

"Acha kuniangalia mimi," akasema. "Angalia mita yako."

Mita ilikuwa imekufa.

Akaachia kishikio. Ikasoma. Akakivuta. Ikafa. Akaachia, akavuta, akaachia, polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu.

Nikamtazama vizuri. Miwani iko puani. Kofia iko kichwani. Kikombe kiko mkononi, na kahawa bado inafuka.

Nikaingia chini ya trela kwa mgongo, na tochi.

Skrubu ya chini ya kishikio ilikuwa imetoboa chuma cha fremu, ikapita katikati ya fungu la nyaya, ikautafuna ule wa bluu wa breki. Umebaki na nyuzi mbili tatu. Trela likitulia, nyuzi zinagusana. Likitikisika, zinaachana, na gari linadhani halina kitu nyuma.

Ile skrubu naijua. Niliifunga mimi.

Mwezi wa tano baba aliteleza kidogo kwenye ile ngazi. Kesho yake nikanunua kishikio na kukifunga kwa drili. Alisema hakihitaji. Nikamwambia, wewe umeshazeeka, tulia ushikwe mkono.

Nililala pale chini nikitaka kumkasirikia mtu. Garrick, fundi, yeyote. Nikakosa.

"Umejua lini?" nikauliza kutoka huko huko.

"Wiki ya kwanza. Mmeninyima gari, nilikuwa na muda wa kulala chini ya trela."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia pale mtoni kwamba plagi ilikuwepo. Ukasema nini?"

Nikaizima tochi.

"Ningekuonyesha waya," akaendelea, "ungesema mzee kauharibu mwenyewe kutafuta kisingizio. Ilibidi uone kwa macho yako, na mita yako."

"Na mnunuzi wa kesho? Ungemwacha afe?"

"Nilimpigia Jumatatu. Haji. Na wewe jana uliliondoa nikiwa bado nimelala."

Waya niliuunganisha kwa dakika kumi, nikaufunga, nikaupitisha mbali na skrubu. Kisha nikakimbilia simu kuifuta ile fomu.

Haifutiki. Dada wa idara alinielewesha kwa upole kabisa: ikishaingia, lazima dereva apimwe. Na baba alikuwa ameshapata barua, pamoja na nakala ya fomu yenye sahihi yangu chini.

Jumatano ikabidi nimpeleke Grangeville nikiendesha mimi, yeye pembeni na tai yake ya mazishini. Maili karibu sitini. Alisema neno moja tu, "kona".

Alimaliza mtihani chini ya nusu saa. Mpimaji akashuka akitabasamu, akaniambia hajawahi kuona mtu anarudisha gari nyuma namna ile.

Baba akanyoosha kiganja. Nikampa funguo.

"Baba, nisamehe."

"Nitakusamehe," akasema. "Si leo."

Nikafungua mlango wa mbele.

"Nyuma," akasema.

Nina miaka arobaini na sita. Nilikaa kiti cha nyuma mpaka nyumbani Elk City, mkanda umefungwa, na yeye hakugeuka hata mara moja.

Ndugu yangu unayesoma hapa, siku mzee wako akikwambia alichomeka plagi, kamata tochi kwanza uingie chini. Kumwita msahaulifu hakutaki hata spana, ndiyo maana sote tunaanzia hapo. Mimi waya niliurekebisha kwa dakika kumi, lakini kiti cha mbele bado sijarudishiwa.