Tochi Ile Mama Alikuwa Anatafuta

Rafiki yangu, we mwenye nakuambiaka hata bintu bile sisemi kanisani, ukitaka kununua tochi, uniulize mi. Nimezijua. Lakini uvumilie kidogo, juu habari ya tochi kwangu njo habari ya mama yangu, na siwezi kuzitenganisha.

Huku Dzaleka, mu camp ya bakimbizi, kila muntu iko na tochi yake, sawa vile iko na viatu. Courant, umeme, inakuja, inaenda. Mi nasoma masomo ya magaribi na bamama bengine, na njia ya kurudi iko na mitaro, basi tochi yangu nafungaka mu pembe ya kitenge. Ya mama ilikuwa na kazi ingine. Kwetu Fizi, mu nyumba yetu, muzee kuliko bote njo anasomaga Zaburi mbele ya chakula. Si baba, si mutoto mwenye diplome. Muzee. Kama hajasoma, hakuna mukono unaingia mu sahani, hata ugali ikauke. Mama amesoma vile tangu bibi alikufa. Alisoma kule nyumbani, alisoma mu njia tukikimbia, akasoma huku.

Tochi yake ya kwanza ilikuwa ya chuma. Tunaiita ya Kanga juu ya ile ndege bamechora ku kifuniko. Nzito, inajaza mukono, ikianguka unaiokota tu. Mwanga yake ya manjano inapumzisha macho. Ubaya wake ni mabuye, zile betri: inakula mbili kubwa, na inakula mbio. Mama alikuwa anayaanika ku jua juu ya bati, kisha anayauma na meno ili yatoe nguvu ya mwisho.

Siku moja akafunga kitabu katikati ya Zaburi. Akasema, “Hii Kanga bamebadilisha. Ya zamani haikuwa hivi.”

Tukaitika bote. Sisi bantu ya camp tumezoea bintu fausse, bile bya bandia: sabuni fausse, dawa fausse, hata habari ya kusafiri fausse. Hakuna mwenye alishangaa. Nikaweka mabuye mapya. Akasema iko na ukungu.

Nikamununulia ya Nyota Tatu. Hii ni ya plastike, unaiweka ku jua inajaza yenyewe, hauna kazi na mabuye. Mwanga nyeupe, kali, inafika mbali. Kwa njia, njo nzuri kuliko zote. Kwa kitabu inachoma. Mama akaizungusha juu ya ukurasa.

“Hii inaonyesha neno moja tu. Mengine imeyakula.”

Wifi yangu akacheka. “Mama, tukununulie mwezi?”

“Muache. We na mume wako mungeupeleka mujini Area 25 mukauuzishe.”

Tulicheka mpaka muboga ikapoa.

Ya tatu haikuwa na jina, fupi sawa kidole. Inaingia mahali popote, haisikilike uzito, lakini vumbi ikiingia ku kibutoni, inawaka yenyewe mu kitenge na unakuta mabuye imekufa. Mama aliikataa siku ile ile. Mu mwezi ile alikuwa anamwaga chai, anagonga bega la kuume ku mulango. Tukasema ni uzee. Tukaendelea kutafuta tochi.

Mwisho akasema, “Munanunua sawa batoto. Munipeleke mi mwenyewe.”

Tukaomba ruhusa ya kutoka, tukapata. Kabaza mbili, zile baiskeli za kubeba bantu, mpaka barabara, yake mbele, yangu nyuma, juu nilitaka kumuona. Kule Lilongwe tukaingia Tsoka, mu soko, asubuhi, jua kali. Sasa we unajua shida ya kununua tochi muchana: zote zinafanana. Bauzaji bengine banakuambia uifunike na mukono. Lakini kuko baba mumoja, Mmalawi, zamani alikuwa dereva wa malori ya kwenda Dar, anasema Kiswahili safi cha kule. Yeye iko na karton kubwa, ndani amepaka rangi nyeusi, pembeni ametoboa shimo moja. Anaweka tochi ndani na karatasi ya maandishi, unachungulia.

Akamupa mama kiti, akamuita agogo, njo bibi kwa luga yao. “Karibu, agogo. Leo utapata taa ya kusomea mpaka mbinguni.”

“Mbinguni hakuna giza,” mama akamujibu. “Nipe ya huku chini.”

Yule baba akacheka, akaweka Kanga mupya mu karton. Mama akainama, akaweka jicho la kuume ku shimo.

“Washa basi.”

“Imewaka, agogo.”

“Usinichezee, mwanangu. Washa.”

Yule baba akaniangalia. Nikachungulia mi: mwanga imejaa mule, karatasi inasomeka yote. Nikamurudishia mama nafasi. Mara hii akaweka jicho la kushoto.

“Aaa, njo sasa umewasha!”

Hakuna mwenye alikuwa amegusa kitu.

Yule baba aliacha mizaha. Akachuchumaa karibu na kiti, akafunika jicho la kushoto la mama na kiganja chake, polepole, sawa mutoto wake. Akamuuliza, “Agogo, unaniona?” Mama akasukuma kile kiganja. Kisha akasema, “Endelea kuniuzisha tochi.”

Akamuuzishia. Ile ile Kanga.

Ku hospitali munganga alituambia jicho la kuume limekwisha, lilikufa polepole bila kuuma, na mwenye kuwa nalo hajuake, juu lingine linamusaidia. La kushoto linajifunga kutoka pembeni. Alitoa dawa ya kudondosha, ya kulinda kile kimebaki. Kile kimeenda hakirudi. Mama aliuliza neno moja tu: “Na Zaburi?” Munganga akasema asome angali anaweza.

Alisoma angali anaweza. Herufi zikamushinda. Nikafikiri atasema nimupokee ile kazi ya kusoma, lakini hajasema, na mi sijaomba. Mungu hajamutoa ku kiti kile, mi ni nani? Basi tunafanya hivi: nakaa nyuma ya bega lake, namusomea ku sikio, kidogo kidogo, na yeye anatoa sauti. Batoto banangojea. Tochi anaishika yeye, imewaka, juu ya kitabu.

Juzi aliniuliza, “Mabuye ingali na nguvu?”

Nikamuambia, “Ingali, mama.”

“Basi usome polepole. Sioni haraka.”

Nikasoma polepole. Matone ya machozi yangu ilianguka ku mugongo wake, na alijua, lakini hakugeuka mpaka tukafika amina.

Kwa hiyo rafiki, kwa njia ununue Nyota Tatu, kwa mufuko ile haina jina, kwa kitabu Kanga. Lakini muzee wako akilalamika juu ya tochi, usikimbilie soko. Umufunike jicho moja, kisha lingine, umuulize kama anakuona. Uambie jirani yako, naye aambie mwenye iko na muzee nyumbani, na mwenye hajui kusoma, umusomee haya kwa sikio.