Siku Yusufu Aliponyamaza

Jenereta ikiwashwa popote karibu nami, na ile harufu ya petroli ikapanda, huwa naona kanzu ya rangi nyingi. Msinicheke. Ndivyo nilivyomjua Yusufu mwana wa Yakobo: kwenye televisheni ndogo iliyowekwa juu ya meza, mbele ya kanisa letu la mabati kule Kimumu, pembeni mwa Eldoret, jenereta ikinguruma nje kama ng'ombe aliyecheleweshwa kukamuliwa.

Katuni zile za Biblia zilizungumza Kiingereza cha puani ambacho hakuna mtoto aliyekielewa. Basi mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, Mama Chebet, alifanya kama vijana wanaotafsiri filamu kwenye vibanda vya video mjini. Alizima sauti, akasimama kando ya televisheni na kijiti mkononi, akawasemea wahusika wote. Alikuwa Yakobo mwenye kikohozi. Alikuwa wale ndugu wenye wivu, kwa sauti za madalali wa ng'ombe wa Cheptiret. Alikuwa hata ngamia. Katika ndoto ya Yusufu, yaliyoinama yalikuwa mabua ya mahindi ya Kapseret, na njaa ilipoingia, watu walipanga foleni Misri na trekta zao.

"Ticha, Misri kuna trekta?"

"Nani huyo? Nyamaza, ama nikutupe kwa shimo ukae na Yusufu."

Nilimpenda sana mwalimu huyo, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia. Mama Chebet alikuwa jirani yetu, geti lake likitazamana na letu. Hapo zamani nilitumwa kwake kila asubuhi na chupa, nikarudi nayo ikiwa na maziwa yenye joto bado. Mama yangu, aliyekuwa ametoka Nyeri kuja kufungua duka, alipenda kusema, "Afadhali jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali."

Kisha ukaja mwaka wa fujo za uchaguzi. Mchana mmoja nyumba za watu wetu, tuliotoka Nyeri, zilianza kuwaka, na Mama akakimbia kulipiga geti lile kwa viganja vyote viwili, mimi nikiwa nyuma yake. Niliona pazia la dirisha lake likisogea. Geti halikufunguka. Tulikimbilia uwanjani, tukaishi kwenye hema, na tuliporudi kujenga upya, ile methali haikurudi nasi. Mama alimsalimu jirani kwa kutikisa kichwa tu. Maziwa yakawa ya pakiti. Na mimi nikakatazwa kwenda kwa Chebet, bintiye, rafiki yangu.

"Cheza na wenzako," Mama aliniambia.

"Wenzangu ni nani?"

Kanisani hakuweza kunizuia, kwa hiyo Jumapili alasiri ndiyo saa pekee ambayo mimi na Chebet tuliketi benchi moja, magoti yakigusana, tukimtazama mama yake akilia kama ngamia.

Siku ya sehemu ya mwisho ya hadithi, mvua ya Eldoret ilishuka bila kubisha hodi. Mama akaja kunichukua, sweta yangu kwapani, gambuti miguuni zikiwa zimejaa matope. Hakuingia. Alisimama mlangoni akingoja picha iishe.

Wale ndugu walikuwa wamepiga magoti mbele ya mkuu wa Misri, bila kujua kwamba ni yule waliyemuuza. Mama Chebet aliinua macho, akamwona aliyesimama mlangoni. Sauti ya madalali ikampotea.

"Tulimsikia akitusihi," akasema, polepole, kwa sauti yake mwenyewe. "Tulimsikia kabisa. Na hatukumfungulia."

Kwenye kioo Yusufu alifungua kinywa, machozi makubwa ya katuni yakimtiririka. Mama Chebet alikuwa kimya. Midomo ya Yusufu ilichezacheza bila neno, mvua ikipiga mabati.

"Ticha, Yusufu anaongea!"

"Ticha amesahau!"

"Ticha, sema, picha inaisha!"

Chebet alinifinya mkono. Ndipo sauti ikatoka mlangoni, sauti niliyoijua kuliko zote.

"Anasema..." Mama alikohoa kidogo. "Anawaambia wasogee karibu." Kisha, "Endelea, Mama Chebet. Watoto wanangoja."

Hakuna aliyemkumbatia mwenzake. Mama Chebet alijifuta uso kwa leso, akaendelea, na ngamia wa siku ile walipita bila kulia. Tulirudi nyumbani mvuani. Lakini asubuhi nilimkuta Mama akisugua ile chupa ya zamani kwa maji ya moto.

"Enda kwa kina Chebet," akaniambia. "Na usikimbie, utamwaga."

Kwa nini geti halikufunguliwa mchana ule, sijui hadi leo. Kama Mama aliwahi kuuliza, hakunisimulia. Ila kwa miaka mingi niliamini kwamba Ticha alisahau maneno, na nilimwonea aibu kidogo, yeye aliyejua hata maneno ya ngamia. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba hakusahau. Maneno ya wale ndugu yalikuwa yake, na aliyasema. Ya Yusufu hayakuwa yake kuyasema. Angeweza kujisamehe mwenyewe kwa kinywa cha katuni, nasi watoto tusingejua. Badala yake alisimama pale na kijiti chake, akangoja.