C ya Shemeji Yangu

Kama uko na shemeji anayejiita fundi, mufungie mlango. Ninaandika hii na sabuni bado iko kwa nywele.

Chauffe-eau yetu hapa Kamembe, ile inapasha maji wakati yanapita, Papa Deo njo aliiweka. Ni kaka mukubwa wa bwana yangu.
Tangu hapo naoga, maji inapata moto, pap! Mashini inazima.
Na yeye akaambia familia yote eti mimi niko naiharibisha. Mbele ya mama mukwe!

Leo imezima tena. Nikajifunga kikwembe, nikamuita.

“Papa Deo, kuja uone. Maji ikiwa vuguvugu napunguza ya baridi, na mashini inazima.”
“Unapunguza wapi?”
“Hapa kwa robinet ya kufungulia maji, ile ya C. C ni cold, Kiingereza, hata batoto ba primaire banajua.”

Akacheka. Alicheka, batu!
“Maman Aline, hukusoma? C ni chaud, Kifaransa! Maji ya moto niliipitisha kwa C.”

Kumbe siku zote nilikuwa nafunga maji ya moto yenyewe! Maji ikipita kidogo ndani yake, mashini nayo inazima.

Nikamupigia kelele, “Basi hii H ya robinet ingine ni nini?”
Akaangalia robinet. Akakohoa.
“H ni… hapana. Hapana chaud.”

Sasa mama mukwe anasema eti mimi njo nimuombe pardon, juu nilimupigia kelele mukubwa. Muko munasikia?

Nimechukua makaa, nimeandika H kubwa kwa mlango wa nyumba.
Papa Deo, si wewe njo ulisoma?
Soma.