Jua kwenye Shavu la Baba

Mama alitaka picha moja tu ya marehemu baba: ameketi juu ya mswala barazani kwetu, mtaa wa Shika Adabu, baada ya swala ya Alasiri, tasbihi mkononi. Picha tuliyobaki nayo ni ya kitambulisho, ambamo baba anaonekana kama mtu aliyekamatwa kwa kosa la jirani. Macho ya mama yalikuwa yameanza kuingia mtoto wa jicho, naye alitaka kumwona mumewe kabla hayajaziba. Kuchora kwenye tableti ndiyo kazi yangu. Nilimwambia siku tatu zatosha.

Nilihangaika wiki tatu. Nilimtia jua la jioni begani, nikaufifisha ukuta nyuma yake kama zifanyavyo kamera za ghali, nikaongeza vumbi linaloelea ndani ya mwali. Wateja wangu hunisifu kwa mambo hayo. Mama aliisogeza tableti hadi puani, akanirudishia.

"Moshi huu wa nini? Kwani nyumba yawaka?"

Nikaliondoa vumbi. Akasema ukuta umeroa. Nikaurudisha ukuta, na nyufa zake zote. Akasema sura ni yake, lakini siye. Hapo nilichoka, wallahi. Nilimwambia, kwa sauti ambayo mtoto hampazii mamake, kwamba kasoro iko kwenye macho yake, si kwenye mchoro wangu.

Hakukasirika. Alinishika mkono akanitoa nje hadi barazani, saa kumi na nusu hiyo, akatandika mswala akaniketisha kuelekea kibla. Kwetu kibla ni kaskazini. Jua likanichoma shavu la kushoto. Kwenye mchoro nilikuwa nimelitia upande wake wa kulia, kama nilivyofundishwa na video, na kila kivuli kimelala upande usio wake.

"Si ungenambia tu, mama."

"Nilidhani wajua. Mtu akae na babake miaka ishirini, asijue jua lampiga wapi?"

Nikalihamisha jua. Safari hii aliitazama picha kwa muda mrefu, akalipapasa lile shavu juu ya kioo.

"Ndiye," akasema.

Miaka ile yote adhana ya Alasiri ilinikuta nimejifungia chumbani na kompyuta. Baba, miguu ikiwa imemkataa kufika msikitini, aliniita mara moja tu tuswali pamoja; sikutoka, na tangu siku hiyo akaswali peke yake.