Kikapu Nilichomsukia Neema

Jamani, Kilosa hii nitapita njia gani nisikutane na mzazi mwenzangu? Shule ya masista anakosoma binti yangu Neema ina sharti: mzazi amsimamie mtoto kazi za nyumbani, asimfanyie. Alipoambiwa asuke kikapu, uvumilivu ukanishinda, nikakisuka mwenyewe.

Kwenye kikao cha wazazi kikasifiwa kuliko vyote. Kimbelembele mimi nikasimama kuwasema wenzangu: "Mnawadekeza watoto! Wafundisheni kazi!" Wakanipigia makofi.

Sista mkuu akafurahi, akamwita Neema mbele, akampa ukindu. "Haya mwanangu, waoneshe wazazi unavyoanza."

Neema akaugeuzageuza ule ukindu, machozi yakamlenga. Akanitazama, nami bado nimesimama.

"Mama, si uliniambia nikacheze?"